HATUTAKI KUSAINI TU, TUNATAKA KUAMUA

Vijana wenzetu,

Kila mwaka tunasikia: mradi mpya wa vijana umefika. Mradi wa amani, mradi wa kazi, mradi wa uongozi. Tunaitwa mu hoteli, tunapewa kalamu na kofia, tunasaini liste, tunapigwa picha. Jioni tunapewa feza ya transporti. Kisha? Kisha bure tu. Mradi uliandikwa zamani, bajeti iligawanywa zamani, na walioamua njo wale wale wakubwa. Sisi tuliitwa kupiga makofi.

Diploma zetu ziko mu kabati. Tunaendesha pikipiki, tunauza makala, tunafundisha bila mshahara. Halafu wanatuuliza: kijana iko tayari kuongoza?

Tunawajibu. Patrice Lumumba alikuwa hajatimiza miaka 35 alipokuwa waziri mkuu, Juni 1960. Joseph Kabila alipewa inchi nzima Januari 2001, akiwa na miaka 29. Siku ile umri haukuwa shida. Katiba ya 2006 inaruhusu mtu wa miaka 25 kugombea ubunge wa taifa. Anayeweza kupigia kura bajeti ya inchi, kwa nini asiamue bajeti ya mradi wa vijana mu kartie yake?

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 43, inalazimisha Leta kusaidia mashirika ya vijana. Kusaidia si kununua. Lakini kwetu, kijana anayepiga makofi anapewa kiti cha mbele, na anayeuliza maswali anapewa gereza. Machi 2015, mu Kinshasa, vijana waliitisha mkutano wao wenyewe juu ya demokrasia. Walikamatwa. Fred Bauma na Yves Makwambala walitoka gerezani Agosti 2016. Mkutano ulioitishwa na vijana wenyewe njo ulioogopesha wakubwa!

Kwa hiyo tunadai:

1. Nusu ya kamati ya kila mradi wa vijana iwe vijana, tangu siku ya kuuandika. Wachaguliwe na vijana wenzao, si na gavana, si na chama.

2. Bajeti ibandikwe mu ofisi ya komine, kwa lugha tunayoelewa: feza ngapi iliingia, ngapi ilikwenda kwa hoteli na magari, ngapi ilifika kwa kijana.

3. Anayesema kwa jina la vijana awe kijana. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul 2006, unasema miaka 15 mpaka 35. Baba wa miaka 50 anayejiita rais wa vijana apumzike.

4. Dada zetu wasiitwe kwa kupanga viti na kupokea wageni tu. Nusu ya viti vya vijana mu kamati ni vyao.

Tunajua feza ya transporti inalisha nyumba usiku mmoja. Hatuhukumu mtu aliyeipokea. Lakini usiku mmoja si maisha, na kila saini yetu inawapa wakubwa ruhusa ya kusema: vijana walikubali.

Basi, kabla ya kusaini, simama uulize maswali tatu mbele ya watu wote. Nani aliandika huu mradi? Feza ni ngapi? Kazi isipofanyika, nani atajibu? Wakikosa jibu, weka kalamu chini.

Mmoja akifanya hivyo, watamfukuza. Ukumbi mzima ukifanya hivyo, watalazimika kutusikiliza.