Simu Itunze Hesabu, Isifiche Deni



Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa huku kwetu, fedha hutunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu, na sanduku halifunguliwi mpaka wanachama wakutane. Hisa huhesabiwa mbele ya wote, na mkopo huombwa mbele ya wote. Utaratibu huo si dalili ya kutoaminiana. Ni njia ya kuulinda uaminifu, kwa kuwa fedha inayohesabiwa mbele ya macho ya wengi haimpi hata mtu mwema nafasi ya kujaribiwa.

Leo sehemu kubwa ya fedha za familia zetu haimo tena katika sanduku, wala katika mtungi, wala chini ya godoro. Imo katika simu ya mkononi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyingine za namna hiyo zikafuata, mtoto aliyeko Dar es Salaam humtumia mama yake aliyeko Kibosho fedha za dawa kwa dakika chache. Michango ya harusi na misiba hukusanywa bila mtu kupanda gari. Hayo ni mema, na hatuna sababu ya kuyabeza. Hata hivyo, sanduku lilikuwa na funguo tatu, na simu ina namba moja ya siri ambayo aghalabu inajulikana na mtu mmoja tu. Hapo ndipo linapoanza swali la haki na amani katika familia: ni nani anayejua kilichomo?

Simu yaweza kuwa karani mzuri. Kila fedha inapoingia au kutoka, ujumbe hubaki. Zipo pia programu za kuandikia mapato na matumizi, zinazoonyesha mwisho wa mwezi ni kiasi gani kimekwenda kwenye chakula, nauli, shule na vocha. Mama anayeuza ndizi katika soko la Kiboriloni, akiandika kila jioni alichouza na alichotumia, atajua kama anakula faida au anakula mtaji. Asiyependa programu atumie daftari la shule. Kazi ni ileile. Hata vikundi vinaweza kusaidiwa: huduma kama M-Koba huwajulisha wanachama wote fedha ya kikundi inapoingia au kutoka, na kwa namna hiyo zile kufuli tatu zimejaribiwa kuwekwa ndani ya simu.

Lakini katika simu hiyohiyo, programu ya kuhesabu hukaa jirani na programu ya kukopesha. Ya kwanza humwonyesha mtu hali yake, na ya pili humpa fedha kabla hajaitazama hali hiyo. Tuchukue mfano. Mtu anaomba mkopo wa shilingi 100,000. Gharama zinakatwa kwanza, anapokea 80,000, na baada ya siku 7 anatakiwa kurudisha 100,000. Amelipa 20,000 kwa kutumia 80,000, yaani asilimia 25 kwa wiki moja. Asipoweza kulipa, anatozwa 20,000 nyingine ili aongezewe wiki. Wiki ya nne ikiisha amekwisha kutoa 80,000, sawa kabisa na alichopokea, na deni la 100,000 bado limesimama palepale.

Deni la namna hiyo ni zito kwa kila mtu, na kwa mkulima wa mlimani ni zito zaidi. Kahawa ya kihambani huvunwa kwa msimu. Mkulima hupeleka mzigo wake chama cha msingi, na mara nyingi malipo huja kwa awamu. Desemba ndugu wanarudi nyumbani kutoka pande zote za nchi, na sherehe zinafuatana. Januari watoto wanahitaji sare, madaftari na nauli. Masika inapofika, mfuko umekauka. Mtu ambaye mapato yake huja kwa miezi hawezi kubeba deni linalodaiwa kwa siku. Akilibeba, atakopa hapa ili alipe pale.

Yapo na maumivu ya aibu. Baadhi ya wakopeshaji hawa, wakati wa kujiunga, huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu. Mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa wakwe, kwa mwajiri, kwa msimamizi wa ndoa, hata kwa viongozi wa jumuiya. Sheria ya Musa ilimwagiza aliyetwaa vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijachwa. Rehani ya siku hizi ni jina la mtu, na likishachafuliwa halirudishwi jioni.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, unaogusa uwazi wa gharama, njia za kudai madeni na ulinzi wa taarifa za mkopaji. Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Aidha, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Haki hizo ni zetu, lakini haki isiyojulikana haimsaidii mwenyewe.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuwahukumu wanaokopa. Wengi wao si walevi wala wavivu. Ni mama mwenye mtoto mgonjwa usiku, ambaye kikundi chake kitakutana Jumamosi. Ni baba anayeona haya kumwambia mkewe kwamba kibarua kimekwisha. Simu haimwulizi mtu neno, na ndiyo maana anaikimbilia. Basi tujiulize kwa nini ndugu yetu ameona ni rahisi kumwendea mkopeshaji asiye na uso kuliko kutugongea mlango.

Wazee wetu waliounda Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933 walilielewa jambo hili: mkulima aliye peke yake hana nguvu mbele ya mnunuzi. Vivyo hivyo, mkopaji aliye peke yake usiku, simu mkononi, hana nguvu mbele ya masharti aliyoandikiwa na mwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mume na mke waketi pamoja angalau mara moja kwa wiki, wasome miamala ya simu zote mbili, waandike mapato, matumizi na madeni. Nao watoto wakubwa washirikishwe kadiri ya umri wao. Pili, mtu asikope kwa programu yoyote kabla ya kuhakikisha kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na asikubali kamwe kutoa majina ya watu waliomo katika simu yake. Tatu, kila jumuiya ndogo ndogo iweke mfuko wa dharura, hata ukiwa mdogo, ambao viongozi wake wanaweza kuufungua usiku kwa ajili ya mgonjwa bila kungoja kikao. Nne, viongozi wa walei wanaopokea ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji wasiusambaze. Wauhifadhi kama ushahidi, wamwendee mhusika kwa faragha, na wamsaidie kupeleka malalamiko panapostahili.

Amani ya familia haiji kwa wingi wa fedha. Nyumba yenye kidogo, inayojua kidogo hicho kimekwenda wapi, hulala usingizi. Nyumba yenye deni la siri hukesha, na kila simu inapolia mmoja hushtuka huku mwenzake hajui sababu. Jioni ya leo, kabla ya kulala, simu ziwekwe mezani na hesabu ifunguliwe mbele ya wote wawili.