Injini Kubwa Haiongezi Viti Katika Boti

Katika fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Msasani hadi Kunduchi, kumiliki boti si jambo la wavuvi na wenye hoteli pekee. Zipo familia za watumishi, wafanyabiashara na wastaafu zinazonunua boti ndogo ya faiba, mara nyingi iliyokwisha kutumika ughaibuni, ili mwishoni mwa juma ziwapeleke watoto Bongoyo au Mbudya. Swali la kwanza ambalo mnunuzi huulizwa, na ambalo yeye mwenyewe hupenda kuulizwa, ni moja: umefunga mashine ya ngapi? Jibu la “arobaini” hupokewa kwa heshima. Jibu la “sitini” huamsha kijicho. Sijapata kusikia mtu akiulizwa boti yake inaruhusiwa kubeba watu wangapi.

Ninadai kwamba mjadala huu tunauanzia mwisho. Ukubwa sahihi wa injini hauamuliwi na mfuko wala hadhi. Huamuliwa na umbo la boti, uzito wake ikiwa imejaa, na hali ya bahari itakayopitiwa. Na kwa kuwa abiria wengi wa boti hizi ni watoto ambao hawakushirikishwa katika kuichagua, uamuzi huu hauwezi kuachwa kuwa siri ya muuzaji na mnunuzi.

Tuanze na umbo. Chombo chenye tumbo la mviringo na mkuku mrefu, kama zilivyo mashua zetu za mbao, hulima maji, hakiyapandi. Mwendo wake una kikomo kinachotokana na urefu wa sehemu iliyomo majini. Kwa mashua yenye futi 25 majini, kikomo hicho ni takriban kilomita 12 kwa saa. Ukiifunga injini yenye nguvu maradufu, sehemu kubwa ya petroli ya ziada itaishia kukuza wimbi linaloifuata nyuma. Boti ya faiba yenye tumbo bapa, au lenye umbo la V, ina tabia nyingine: ikipata nguvu ya kutosha huinuka na kuteleza juu ya maji. Kwa hiyo mtu anayeshauri ukubwa wa injini kabla ya kuliona tumbo la boti anashauri gizani.

Pili ni uzito. Wapo mabaharia wanaohesabu kwamba boti ya kuteleza hufanya kazi vizuri ikiwa kila nguvu moja ya farasi inabeba kilo zisizozidi 20 hivi. Chukua boti ya futi 16 yenye uzito wa kilo 300. Ongeza injini ya 40 yenye kilo 95, baba na mama kilo 150, watoto watatu kilo 120, petroli kilo 40, maji, chakula na nanga kilo 40. Jumla ni kilo 745, yaani chini kidogo ya kilo 19 kwa kila nguvu moja. Inatosha. Lakini muuzaji anapokupa boti hiyo uijaribu, humo yumo kijana wake mmoja na petroli kidogo. Uzito hauzidi sana kilo 480, na boti huruka kama swala. Mnunuzi mwerevu huijaribu boti ikiwa na mzigo wa siku ya safari, tena dhidi ya upepo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha hoja. Jumapili moja shangazi anakuja na wanawe wawili. Abiria sasa ni wanane na uzito unakaribia kilo 900. Injini ya 40 inaanza kulalamika: omo linainuka, tezi linazama, na boti inakataa kuteleza. Malalamiko hayo ni msaada, kwa sababu yanamwambia nahodha ukweli. Mwenye injini ya 60 hayasikii. Anakanyaga mafuta, boti inanyanyuka, naye anaamini kwamba mzigo umekubalika. Haujakubalika, umefichwa. Siku injini itakapozimika katikati ya mkondo, boti itarudi kuwa kile ilichokuwa tangu mwanzo: ganda la futi 16 lililojazwa watu wanane, huku maji yakiwa karibu na ukingo. Nguvu ya injini hununua mwendo. Hainunui uwezo wa kuelea.

Wenzetu waliliona hili mapema. Nchini Marekani, kufuatia sheria ya mwaka 1971, boti za kawaida za injini zenye urefu chini ya futi 20 hubandikwa kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito wa juu na, kwa zile za injini ya kufunga nyuma, nguvu ya juu inayoruhusiwa. Hesabu ya nguvu hiyo inafundisha. Huzidishwa urefu wa boti kwa upana wa tezi. Kwa boti ya futi 16 yenye tezi la futi 5, jibu ni 80. Ikiwa ina usukani wa gurudumu na tezi lenye kimo cha kutosha, nguvu inayoruhusiwa ni 70. Ikiwa huongozwa kwa kushika mkono wa injini, kikomo hushuka hadi 25 kwa tumbo bapa lenye kingo kali, na 40 kwa matumbo mengine. Urefu ni ule ule na upana ni ule ule, lakini jibu linakuwa 70, 40 au 25. Kuhusu watu, kwa boti isiyo na kibao, mwongozo wa kawaida ni kuzidisha urefu kwa upana, kisha kugawa kwa 15. Boti yetu, ikiwa na upana wa futi 6, inapata watu 6. Shangazi na wanawe wangepaswa kusubiri safari ya pili.

Wapo watakaonijibu kwamba Bahari ya Hindi si bwawa, na kwamba kusi inapovuma mtu huhitaji nguvu ya akiba. Wana haki. Injini ndogo mno ni hatari pia: hukimbizwa kwa nguvu zake zote muda wote, hunywa mafuta mengi kwa kazi kidogo, na hushindwa na mkondo alasiri watoto wakiwa wamechoka. Ndiyo maana ninashauri kuchagua nguvu iliyo karibu na kikomo cha boti bila kukivuka. Akiba nyingine itafutwe kwingine: theluthi moja ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa, makasia, jaketi okozi linalomtosha kila mtoto, na kamba ya kuzimia injini ikiwa imefungwa kwenye mkono wa nahodha.

Lakini ushauri wa mtu mmoja si sera. TASAC kwa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, ndizo zenye dhamana ya usalama wa vyombo majini. Napendekeza kila boti ndogo, hata ya binafsi, ibandikwe kibao cha Kiswahili mahali ambapo abiria anakiona: watu wangapi, kilo ngapi, injini isiyozidi ngapi. Cheti kilichomo kabatini hakimsaidii mtoto anayepanda boti. Kibao humsaidia, kwa sababu mtoto wa darasa la tatu anajua kuhesabu hadi sita, na ana ujasiri wa kusema kwa sauti kile ambacho watu wazima wanaoneana haya.

Tunayo sababu ya kutosubiri. Tarehe 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, kilipinduka kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu wapatao 100. Waliofariki peke yao walizidi 200. Kivuko si boti ya familia, lakini hesabu ya mzigo ni ile ile. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, nasi huitumia methali hiyo kuwafariji wafiwa. Ibaki huko msibani. Kwa anayenunua boti, na kwa anayeikagua, usukani upo, na hesabu ipo pia. Inafanyika kwa kalamu na kipande cha karatasi kabla injini haijafungwa.