Mafuta yakimwagika tena Kilindini, nani atashika usukani?

KISIWA cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Magharibi ni Kilindini na hori ya Port Reitz, ambako meli za mafuta hutia nanga. Mashariki ni hori ya Tudor, ambayo maji yake hupita mbele ya Mji wa Kale na Ngome ya Yesu kabla ya kuingia bahari kuu. Kwa miongo mingi tuta la Makupa liliizuia mikono hiyo kukutana.

Daraja la Makupa, lililofunguliwa Agosti 2022, lilikusudiwa kuyarudishia maji njia yake ya asili. Hiyo ni neema kwa samaki na mikoko iliyokuwa ikidhoofika kwa maji yaliyotuama. Hata hivyo, njia inayopitisha maji safi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kupitisha mafuta. Ajali ikitokea Kipevu leo, hatari haitaishia Port Reitz. Yaweza kuvuka Makupa na kuingia Tudor, hadi kwenye gati la majahazi la Bandari ya Kale.

Wala si hofu ya kubuni. Mwaka 1988, mafuta yapatayo tani 5,000 yalimwagika kutoka tangi la nchi kavu na kuingia hori ya Makupa, na mikoko ikafa. Aprili 2005, meli ya MV Ratna Shalini ilimwaga takriban tani 200 za mafuta ghafi karibu na Kipevu, na wimbi likayasukuma hadi ndani ya mikoko ya Port Reitz. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu wakati huo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, lakini shehena ya mafuta haikupungua. Gati jipya la Kipevu lenye nafasi ya meli nne lilizinduliwa mwaka 2022.

Kila ajali inapotokea, macho yote huelekezwa baharini: maboya ya kuzuia mafuta, mashua za kuyakusanya, na mabishano kuhusu nani alaumiwe. Hayo ni ya lazima, lakini ni ya siku chache. Kazi ya kurejesha ufuo huchukua miaka, nayo hufanyika nchi kavu. Hapo ndipo Mombasa ina pengo kubwa.

Mafuta yakiingia kwenye mikoko huziba vitundu vya mizizi ambavyo mti hutumia kuvuta hewa. Mchu na mlilana, ambayo mizizi yake huchomoza matopeni kama vidole, huathirika upesi. Baada ya mti kufa, mafuta husalia chini ya tope, ambako hakuna hewa ya kuyaozesha. Mche uliopandwa katika tope kama hilo hukauka. Na hata tope likitakata, upandaji hautafaa kitu iwapo juu ya ufuo kuna ujenzi unaoshusha mchanga, mtaro wa maji taka au jaa. Jaa la Kibarani, lililopokea taka kwa miaka mingi kando ya hori ya Makupa kabla ya kufungwa, ni ushahidi kwamba ufuo unaweza kuuawa kutoka bara bila ya meli yoyote kupasuka.

Sasa tazama idadi ya wenye mamlaka. Uchafuzi baharini ni jukumu la Mamlaka ya Bahari, KMA. Magati ni ya Halmashauri ya Bandari, KPA. Amri ya kurejesha mazingira hutolewa na NEMA. Mikoko ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na msimamizi wake ni Huduma ya Misitu, KFS. Upangaji wa ardhi ni kazi ya kaunti, hatimiliki ni za Wizara ya Ardhi, na Ngome ya Yesu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Manahodha wakiwa wengi, chombo huenda mrama.

Mkanganyiko huu una gharama ya fedha. Kenya ni mwanachama wa mkataba wa 1992 wa Hazina ya Kimataifa ya Fidia ya Uchafuzi wa Mafuta. Hazina hiyo hailipi madhara ya mazingira kwa hesabu za kinadharia. Hulipa gharama za hatua za busara zilizochukuliwa au zitakazochukuliwa ili kurejesha hali. Dai hupotea baada ya miaka mitatu tangu hasara itokee, na kwa vyovyote vile miaka sita tangu ajali. Nchi isiyo na ramani ya ufuo ulivyokuwa kabla ya ajali, wala mpango unaoonyesha ni wapi patakaporejeshwa, itawasilisha dai gani? Na mvuvi wa Mji wa Kale ambaye samaki wake hawakuwahi kuandikwa kokote atathibitishaje hasara yake?

Isitoshe, hazina hiyo inahusu mafuta ya meli za mafuta. Tangi au bomba la nchi kavu likivuja, waathiriwa hutegemea sheria za humu nchini. Wakazi wa Thange, Kaunti ya Makueni, walikumbwa na uvujaji wa bomba mwaka 2015. Uamuzi wa mahakama kuhusu fidia yao ulitolewa mwaka 2025.

Sheria ya kuondoa pengo hili ipo. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaruhusu kaunti kutangaza eneo maalum la upangaji na kusitisha ujenzi humo kwa muda usiozidi miaka miwili. Inaruhusu pia kaunti zinazotumia rasilimali moja kuandaa mpango wa pamoja. Hilo ni muhimu, kwa kuwa Port Reitz inapakana na Kwale, na mito ya Kombeni na Tsalu inayoingia Tudor huteremka kutoka Kilifi.

Mpango kama huo unapaswa kutaja mambo manne kabla ya ajali. Kwanza, mipaka ya mikoko na ya ukanda wa umma juu ya alama ya maji kujaa, pamoja na hatua dhidi ya hatimiliki zilizotolewa humo kinyume cha sheria. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilikwisha kuonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kiholela. Pili, njia za kufikia ufuo, ambazo katika Mji wa Kale ni vichochoro vyembamba ambavyo ukuta mmoja tu unatosha kuviziba. Tatu, mahali pa kuweka kwa muda tope na taka zenye mafuta, kwani kisiwa kilichosongamana hakiwezi kutafuta kiwanja usiku wa ajali. Nne, namna ya kusafisha kuta za matumbawe na chokaa bila ya kuzibomoa kwa maji ya kasi.

Vikundi vya usimamizi wa fuo na vile vya kupanda mikoko, kama vile vya Mikindani, visiitwe tu siku ya kupiga picha na miche. Wao ndio wanaojua wimbi la bamvua hufika wapi na mche gani hushika wapi. Wapewe kiti mezani.

Sheria haikosekani, wala wataalamu. Kinachohitajika ni afisi moja iliyotajwa kwa jina kuwa mratibu wa urejeshaji, yenye ramani moja ambayo KPA, KFS, NEMA, Makavazi na kaunti zote tatu wameitia saini. Gavana wa Mombasa ndiye mwenye uwezo wa kuita kikao cha kwanza. Akiite kabla ya meli nyingine kuwaita wote pamoja Kipevu.