Daktari wa Mifugo Haandaliwi kwa Daftari Tupu

Ipo kasumba iliyokwisha kuota mizizi mashuleni, na wanaoimwagilia maji ni wazazi na walimu wenyewe. Ni kasumba ya kudhani kwamba udaktari wa mifugo ni makombo ya udaktari wa binadamu. Kijana wa Kidato cha Sita anapoomba chuo hutanguliza udaktari wa watu, kisha ufamasia; na ili nafasi ya mwisho isikae wazi, huandika mifugo. Akichaguliwa huko, nyumbani hupewa pole badala ya hongera.

Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haiwezi kuendelea kupeana pole za namna hiyo. Maradhi ya mifugo hayaishii zizini. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 nchini Tanzania. Kimeta na kichaa cha mbwa havibagui kati ya mfugaji na mtumishi wa serikali. Nayo sotoka, iliyotangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, haikuondoka kwa dua. Iliondolewa kwa chanjo iliyofikishwa hata kwenye maboma ya mbali kabisa, na watu waliojua kumshika ng'ombe.

Ni kweli kwamba mlango umekwisha kufunguliwa. Zamani Mtanzania alilazimika kuifuata elimu hii Kabete, nchini Kenya, au mbali zaidi. Mwaka 1976 mafunzo hayo yalianza Morogoro, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 pakazaliwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Anayetaka kuingia sharti afaulu Biolojia na Kemia, kisha asome miaka 5. Lakini mlango kuwa karibu si sawa na mgeni kuwa tayari.

Maandalizi yenyewe yakoje? Mwanafunzi hukariri vyumba vinne vya tumbo la ng'ombe pasipo kuliona tumbo hata moja, ilhali machinjio yako nusu saa kwa miguu kutoka shuleni. Huchora ubaoni maisha ya kupe, wala hajapata kusimama kando ya josho. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilionya juu ya shule inayomtenga kijana na maisha ya kijiji chake. Shule yenye ng'ombe wawili, ambao hukatiwa majani na watoro na watovu wa nidhamu tu, haikulielewa onyo hilo. Imegeuza somo kuwa adhabu.

Anayedhulumiwa zaidi ni mtoto wa mfugaji. Yeye humtambua ndama mwenye ndigana kwa kupapasa tezi chini ya sikio. Lakini shule yake haina mwalimu wa Kemia, na maabara ni chumba chenye kufuli. Mwenzake wa mjini, aliyelipiwa masomo ya ziada, hufaulu, kisha hutetemeka mbele ya mtamba. Taifa huwapunja wote wawili.

Watakuwapo wa kusema kwamba alama ndizo hakimu asiye na mjomba, na kwamba uzoefu wa zizini ukihesabiwa, barua za upendeleo zitamiminika. Hofu hiyo ina msingi. Huko Marekani, ambako mwanafunzi husoma kwanza miaka kadhaa ya chuo kikuu ndipo aombe nafasi ya udaktari wa mifugo, vyuo vingi hutazama pia saa alizofanya kazi pamoja na madaktari. Huko nako asiye na nauli wala nafasi huachwa nyuma na mwenye navyo. Kwa hiyo dawa si kuongeza kizingiti mlangoni. Ni kuisawazisha njia iendayo mlangoni.

Kazi hiyo iko mikononi mwa walimu na watumishi wa serikali. Mwalimu wa Biolojia aandike barua moja kwa daktari wa mifugo wa wilaya, darasa zima likaone nyama inavyokaguliwa. Bwana mifugo wa kata awaite vijana siku ya chanjo, hasa wale waliomaliza mtihani mwezi Mei na wanaongoja vyuo vifunguliwe. Mwenye stashahada ya afya ya mifugo anayerudi kuomba shahada asitazamwe kama mwizi wa nafasi, kwani amekwisha kuyafanya ambayo wengine wameyasoma tu. Na ofisa elimu asiihesabu kuwa ya sayansi, katika taarifa yake, shule ambayo maabara yake haifunguliwi.

Samaki mkunje angali mbichi. Anayekiachia chuo kikuu peke yake kazi ya kumzoeza kijana ng'ombe amekwisha kuchelewa, na deni la kuchelewa huko hulipwa na mfugaji.