Waraka kwa Wachoraji: Tumchore Mlanguzi Akiwa Kazini

Wanachama wenzangu,

Michoro ya maonyesho yetu kuhusu bei ya chakula imeanza kuingia, nami nimeipitia yote. Mikono yenu haina shaka. Ila karibu kila mlanguzi ana kitambi na sigara nene, basi.

Kitambi hakipandishi bei. Kinachopandisha ni kufuli la ghala, kibali cha kuagiza kilichoishia kwa wachache, na dalali anayejua lori litaingia lini. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliweka bei elekezi ya sukari Sh 1,800 kwa kilo, sukari ikaadimika madukani, msako ukahamia maghalani. Chora mlango wa ghala mojawapo.

Au chora lumbesa, ambayo kwangu ni katuni iliyokwisha kujichora yenyewe: gunia limeongezewa kilemba cha mazao kilichofungwa kwa kamba, mkulima analipwa gunia moja, na kule mjini mzigo uleule unapimwa kilo kwa kilo, hata ile ya kilemba. Mwekeni mkulima pembeni akilitazama gunia. Maneno ya nini?

Honoré Daumier alipomchora Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa kama jitu Gargantua, mwaka 1831, tumbo aliliweka, sikatai. Lakini aliweka pia ubao mrefu unaopanda hadi kinywani, na watu wakikwea na vikapu vya fedha za maskini. Ubao ule ulionyesha mali inapitia wapi. Mwaka uliofuata Daumier alifungwa.

Kuna jambo zito zaidi. Baadhi yenu mmempa mlanguzi pua na mavazi ya jamii fulani. Michoro hiyo haitatundikwa. Mwaka 1694, nafaka ilipokuwa ghali Ujerumani, Christian Wermuth alitengeneza medali ya mtu aliyebeba gunia, shetani akilitoboa. Upande wa pili aliweka aya ya kitabu cha Methali inayomlaani anayezuia nafaka. Aya ni ya haki. Lakini medali ilimwita mtu yule Myahudi wa nafaka, na uchungu wa wenye njaa ukasukumwa kwa jamii nzima. Kwetu neno "Mhindi" limewahi kufanyishwa kazi hiyohiyo. Na mama mwenye fungu la nyanya msimguse: naye bei anaisikia alfajiri kwa dalali.

Wanaorekebisha walete kazi zao kabla ya siku ya gulio. Ukumbi hatukodi, tutatundika kwenye uzio wa soko, tukishapata ruhusa ya uongozi wake. Herufi ziwe kubwa, maana wapagazi hawasimami.

Katibu wenu