Kampuni ikisema programu yake ni huria, wewe unabaki na nini?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zinazotumia mfumo wa KaiOS. Jina la KaiOS wengi hawalijui, lakini simu zenyewe wanazijua. Ni zile zilizoanza kuuzwa nchini mwaka 2019 kwa majina kama Smart Kitochi: simu za vibonye zenye intaneti, zinazotunza chaji, kwa bei iliyo chini ya ile ya simu ya kupangusa. Kivutio chake kimojawapo kikubwa kilikuwa WhatsApp.

Mwenye simu hiyo, awe Sigino au kata nyingine yoyote ya Babati, alibaki na betri nzima, vibonye vizima na laini iliyo hewani, lakini kundi la familia na kundi la kikoba vimetoweka. Fundi wa simu mjini hana la kufanya, kwa sababu ndani ya simu hakuna kilichoharibika. Kilichobadilika ni uamuzi wa kampuni iliyo mbali.

Cha kushangaza ni kwamba simu hizo zina asili ya programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake ya ndani yametolewa wazi kwa kila mtu. KaiOS ilijengwa juu ya mfumo uliokuwa ukiitwa Firefox OS, kazi ya Mozilla ya Marekani. Simu za kwanza za Firefox OS ziliuzwa mwaka 2013, na Desemba 2015 Mozilla ikatangaza kuachana na biashara hiyo ya simu. Kwa kuwa kazi yao ilikuwa wazi, wengine waliichukua na kuiendeleza, na ndipo Kitochi za intaneti zikapatikana.

Sasa kwa nini uhuria huo haukumwokoa mwenye simu? Swali hili lina uzito, kwa sababu kampuni nyingi za programu siku hizi zinajitangaza kwa neno hilo. Katika makala haya tunaeleza neno hilo linaahidi nini, haliahidi nini, na ni mambo gani ya kuuliza kabla hujaweka fedha au kumbukumbu zako mikononi mwa programu ya mtu.

Mambo mawili yanayochanganywa

Kuna programu huria, na kuna viwango huria. Si kitu kimoja.

Chukua mfano wa chakula cha kuku. Muuzaji mmoja anakuuzia mfuko uliofungwa na hakwambii kilichomo. Akifunga duka, umekwama. Mwingine anakuuzia mfuko, lakini pia anakupa mchanganyiko: pumba kiasi hiki, mashudu ya alizeti kiasi hiki, dagaa kiasi hiki. Huyo akifunga duka, wewe au jirani yako mnaweza kuchanganya wenyewe. Programu huria ni kama mfuko huo wa pili. Maelekezo yake, ambayo wataalamu huyaita msimbo, yako wazi, na kuna leseni ya maandishi inayoruhusu mtu yeyote kuyatumia, kuyabadili na kuyasambaza.

Kiwango huria ni kama saizi ya tairi ya pikipiki. Viwanda ni vingi, lakini tairi ikiwa na vipimo vinavyotakiwa, inaingia kwenye rimu yako bila kuuliza imetoka kiwanda gani. Vipimo vimekubaliwa na wengi, vimeandikwa, na kila mtengenezaji anaruhusiwa kuvifuata.

Meseji ya kawaida ya simu inafuata kiwango cha namna hiyo. Unaituma kutoka Airtel kwenda Vodacom au Halotel, kutoka simu ya tochi kwenda simu ya laki tano, na inafika. WhatsApp haiko hivyo. Mfumo wake unamilikiwa na kampuni moja, Meta, na Meta ndiyo inayoamua simu ipi iingie na ipi ibaki nje. Msimbo wa ndani ya Kitochi ungekuwa wazi namna gani, mlango wa WhatsApp uko mikononi mwa mwingine.

Fedha za simu: jinsi ukuta ulivyoshuka

Tanzania ina somo lake lenyewe kuhusu jambo hili, nalo liko kwenye fedha za simu.

M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa zizi lake. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, fedha hazikuingia kwenye akaunti yake ya simu. Alipata meseji yenye namba ya siri, kisha akatafute wakala wa mtandao uliotuma. Ndiyo maana watu walitembea na laini mbili, tatu.

Mwaka 2014 Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, na Airtel zilifungua njia kati yao. Mwaka 2016 Vodacom nayo ikaunganishwa na mitandao hiyo. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuruhusu fedha za simu kuvuka mitandao na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mpokeaji.

Lakini njia hizo zilijengwa kwa makubaliano ya kampuni mbili mbili, na hapo hesabu inakuwa ngumu. Kampuni 6 zikitaka kila moja iunganishwe na kila nyingine, zinahitaji njia 15. Ukiongeza benki hadi zifike taasisi 40, njia zinakuwa 780. Kila njia ina mkataba wake, mafundi wake na gharama zake, na taasisi ndogo ya fedha haiwezi kuzimudu.

Dawa yake ni kituo kimoja cha katikati, ambapo kila taasisi inajenga njia moja tu na kufuata kanuni moja. Benki Kuu ya Tanzania ilijenga kituo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama TIPS, na kikaanza kufanya kazi kwa hatua mwaka 2021. Kazi ilifanywa na wataalamu wa Benki Kuu wenyewe, na hawakuanza na karatasi tupu. Walianzia kwenye programu huria inayoitwa Mojaloop.

Jina hilo lina neno letu ndani yake, "moja". Mojaloop ilitolewa mwaka 2017 kwa ufadhili wa taasisi ya Gates ya Marekani, na ikaandikwa na wahandisi wa kampuni kadhaa za programu. Kampuni hizo zililipwa kwa kazi yao, lakini matokeo yakatolewa kwa leseni huria. Leseni hiyo inasema kwamba toleo likishatolewa, ruhusa ya kulitumia haiwezi kufutwa kwa sababu tu mwandishi amebadili mawazo. Nchi inayochukua msimbo huo haihitaji kumlipa mwenye programu kila mwaka wala kumwomba ruhusa ya kuubadili.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. Njia kuwa ya pamoja haimaanishi kutuma ni bure, kwani makato yapo na yanaamuliwa na kampuni na mamlaka. Pia taasisi ikianza na msimbo huria, leseni ya aina hiyo hailazimishi nyongeza zake nazo ziwekwe wazi. Kilichopatikana ni kwamba njia kuu ya malipo ya nchi haikufungwa kwenye programu ya kampuni moja inayoweza kupandisha bei au kuondoka.

Ahadi ni deni, ila liandikwe

Wazee husema ahadi ni deni. Sisi tunaongeza: deni lisiloandikwa ni gumu kulidai. Kwa kampuni za programu, maandishi hayo ni leseni.

Machi 2024 kampuni ya Redis ilitoa mfano mzuri. Redis ni programu ya kuhifadhi taarifa mahali pa karibu ili tovuti na huduma za mtandaoni zizipate haraka, na imetumika duniani kote. Kwa miaka mingi ilikuwa huria. Kisha kampuni ikabadili leseni ya matoleo mapya na kuwawekea masharti wanaoiuza kama huduma. Sababu yake haikuwa ya ajabu: kampuni kubwa zilikuwa zikipata faida kutokana na kazi ambayo Redis inaigharimia.

Ndani ya siku chache, wahandisi wa kampuni nyingine, zikiwemo Amazon na Google, walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria na kulianzishia jina jipya, Valkey. Watumiaji wakawa na pa kwenda. Mei 2025 Redis yenyewe ikarudisha leseni huria. Kampuni iliweza kubadili masharti ya kesho, lakini haikuweza kuondoa kilichokwisha kutolewa jana.

Ila leseni inalinda kile tu kilichomo ndani yake. Wenye simu za Huawei waliliona hilo baada ya mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea kampuni hiyo vikwazo. Huawei iliendelea kutumia sehemu huria ya Android, kwa sababu hiyo hainyang'anyiki. Lakini simu zake mpya zilikosa duka la programu la Google na programu kama YouTube, kwa sababu hizo hazikuwa sehemu ya ahadi ya uhuria.

Kwa hiyo ukisikia "programu yetu ni huria", swali la kuuliza ni sehemu ipi iliyo huria. Kampuni inaweza kufungua msimbo na kufunga huduma inayotegemewa na msimbo huo. Inaweza pia kuficha msimbo lakini ikafuata kiwango cha pamoja, na wewe ukanufaika. Meseji ni mfano: mitambo ya kampuni za simu haiko wazi kwetu, lakini meseji zinavuka kwa sababu kampuni zote zinafuata kanuni moja.

Kampuni hazifungui milango kwa hiari kila mara. Ulaya imetunga sheria inayozibana kampuni kubwa za mtandaoni tangu Machi 2024, na moja ya masharti yake ni kwamba WhatsApp iruhusu mawasiliano na huduma nyingine za ujumbe zinazoomba kuunganishwa. Sheria hiyo inawalinda watumiaji wa Ulaya, si wa Manyara. Lakini inaonyesha kwamba kiwango cha pamoja hupatikana pale mwenye mamlaka anapokidai, kama ilivyokuwa kwa Benki Kuu yetu na TIPS.

Maswali matatu kabla ya kusaini

Haya si mambo ya wahandisi peke yao. Vyama vya ushirika vya msingi, vikoba, shule na vikundi vya wafugaji vinazidi kufuatwa na wauzaji wa programu za kutunza kumbukumbu: nani ameleta magunia mangapi ya mbaazi, nani amekopa, nani amelipa. Daftari la katibu linaonekana la kizamani. Lakini daftari lina sifa moja: anayejua kusoma anaweza kulifungua, hata kama duka lililoliuza limefungwa.

Kabla kikundi chako hakijahamia kwenye programu, muulizeni muuzaji mambo matatu, na majibu yaandikwe kwenye mkataba.

La kwanza: tukitaka kuondoka, tunaweza kuzitoa kumbukumbu zetu zote, zikiwa kwenye faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote? Akisema ndiyo, mwambieni azitoe mbele yenu siku hiyo hiyo, kwa majaribio.

La pili: nani mwingine, mbali na kampuni yenu, anaruhusiwa na anaweza kuitengeneza programu hii? Ikiwa ni huria, jibu litakuwa na leseni yenye jina. Ikiwa jibu ni "sisi tu", basi bei ya mwaka huu ni ya kukaribisha wageni, ya mwaka wa tatu hamuijui.

La tatu: kampuni ikifungwa au ikiuzwa, tunabaki na nini? Jibu la "hatuwezi kufungwa" si jibu. Hata Mozilla, yenye jina dunia nzima, iliacha biashara ya simu.

Kwa mtu mmoja mmoja, ushauri ni mwepesi zaidi. Unaponunua simu ya bei nafuu kwa ajili ya huduma moja, muulize muuzaji kama huduma hiyo bado inafanya kazi kwenye mfumo huo leo, na uifungue hapo hapo dukani. Namba muhimu ziandike kwenye daftari. Risiti, picha za hati na orodha za wadaiwa zisikae ndani ya programu moja tu.

Turudi kwenye Kitochi iliyopoteza WhatsApp. Bado inapiga na kupokea simu. Meseji zinaingia. Ukibonyeza nyota 150, menyu ya fedha inafunguka, na unaweza kumtumia mtu wa mtandao mwingine. Ikiwa ina redio ya FM, inatusikia sisi kama redio nyingine yoyote, ya kampuni yoyote. Vilivyobaki hai kwenye simu hiyo ni vile vilivyosimama juu ya viwango vya pamoja. Kilichokufa ni kile kilichokuwa na mwenyewe mmoja.