Feza ya migodi ifike mu darasa la jeometri

Ndugu zetu wa migodi, munajua bei ya pembe moja. Topografe akikosa kupima vizuri mteremko wa ukuta wa kariere, udongo unaangukia watu. Hesabu ile inaanzia ku masomo.

Lakini mu darasa, mwalimu anachora pembetatu moja ku tablo, batoto banakopia, banashika mu kichwa kama pembe zake tatu zinafanya digri 180. Sababu gani? Hakuna anayeuliza.

Kuko programu moja, GeoGebra, yenye Markus Hohenwarter alianza kutengeneza mu 2001 kule Austria. Mwalimu anaitumia bila kulipa, na ikiisha kuingizwa mu ordinatere haiombe intaneti. Mtoto anavuta ncha ya pembetatu: pembe zinabadilika, jumla inabaki 180. Anavuta tena: 180. Hapo yeye mwenyewe anauliza sababu, na mwalimu njo anaanza kufundisha. Mashini inaonyesha tu, haieleze.

Batasema: ordinatere na kura vitatoka wapi? Sheria ya migodi ya 2018 inalazimisha kompani yenye kibali cha kuchimba itoe hata 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Kujenga masomo ni vizuri, lakini kuta hazifundishe. Siku ya kupanga feza ile, wazazi tuombe ordinatere kumi, pano za jua, na mbele ya vyote, mafunzo ya walimu.

Bila vile, batoto betu batabeba mifuko, pembe zitapimwa na wengine.